Namna ya Kuichambua The Thing (1982): Mwongozo Kamili kwa Anayejifunza Uhakiki wa Filamu

Tarehe 25 Juni 1982 filamu mbili za sayansi bunifu ziliingia majumba ya sinema ya Marekani siku moja, na zote mbili zikaanguka. Moja ilikuwa Blade Runner. Nyingine ni The Thing ya John Carpenter, na hii ya pili ndiyo tutakayojifunzia. Vincent Canby wa The New York Times aliiita takataka ya papo kwa papo. Jarida la Cinefantastique likauliza kwenye jalada lake kama hii ndiyo filamu iliyochukiwa kuliko zote. Ennio Morricone, ambaye tayari alikuwa gwiji wa muziki wa filamu, aliteuliwa kuwania Razzie, ile tuzo ya kejeli wanayotupiwa waliofanya vibaya. Leo filamu hiyohiyo iko kwenye mitaala ya vyuo, na wafanyakazi wa kituo cha Amundsen-Scott kule Ncha ya Kusini wana mazoea ya kuitazama pamoja ndege ya mwisho ikishaondoka, wao wakibaki na miezi yao ya giza.

Filamu ambayo wahakiki waliipatia tangu siku ya kwanza haikufundishi mengi. Hii itakufundisha, maana waliokosea hawakuwa wajinga. Walikuwa na macho na kalamu, ila walipima kwa kibaba kisichokuwa chake, tena waliitazama mara moja tu.

Utahitaji jioni tatu, daftari, na tumbo lisilogeuka haraka. Watoto wasiwepo. Na tahadhari: hatua ya pili inafichua siri moja ya mwanzoni, na kuanzia hatua ya tatu nafichua kila kitu hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo kama hujaitazama, soma hatua mbili za mwanzo, katazame, kisha urudi.

Hatua ya 1: Pata nakala iliyo sahihi

Jina hili lina wenyewe wengi. Ipo ya 1951, The Thing from Another World, iliyoongozwa na Christian Nyby chini ya mtayarishaji Howard Hawks. Hiyo ni nyeusi na nyeupe, na inatokea Aktiki. Ipo ya 2011, yenye jina lilelile kabisa, inayosimulia yaliyowapata Wanorwe kabla ya hadithi yetu kuanza. Unayoitaka ni ya 1982, yenye Kurt Russell, ya dakika 109. Zote tatu zinatokana na hadithi ya John W. Campbell iliyochapishwa 1938, na ukiweza kuipata isome, lakini baadaye.

Iliwahi pia kutengenezwa nakala ya televisheni iliyokatwakatwa, ikaongezewa msimulizi na kubadilishwa mwisho, na Carpenter mwenyewe aliikana. Ukisikia sauti ya mtu akikueleza huyu ni nani na yule kazi yake nini, zima. Hiyo siyo.

Angalia pia umbo la picha. Dean Cundey, mpigapicha wake, aliipiga kwa fremu pana sana, na Carpenter alijaza fremu hiyo watu kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu hadithi yenyewe ni ya kutazamana. Mtu akibonyeza "kuza" kwenye rimoti ili picha ijaze kioo, anawatupa nje ya chumba watuhumiwa wawili watatu. Zima vilevile ile hali ya televisheni inayolainisha mwendo hadi kila filamu ifanane na tamthilia ya saa mbili usiku. Taa zizimwe, maana nusu ya matukio yako gizani.

Na nakala iliyotafsiriwa kwa sauti? Nimekulia vibanda umiza na sina ugomvi na msimulizi. Zipo filamu za mapigano ambazo bila kelele zake zingekuwa nusu. Lakini hii ina vipande virefu ambamo hakuna anayezungumza, unasikia upepo na mlio wa mashine tu, na msimulizi hawezi kukaa kimya hivyo. Siyo kosa lake, kazi yake ni kusema. Tafuta nakala yenye sauti ya asili.

Hatua ya 2: Mara ya kwanza, tazama mikono mitupu

Usiandike chochote. Usisome muhtasari. Simu iweke chumba kingine.

Kuna jambo moja tu la kuangalia. Filamu inaanza na helikopta ya Wanorwe ikimfukuza mbwa theluji nzima kwa risasi, na mmoja wao anafika kituo cha utafiti cha Wamarekani kule Antaktika akipiga kelele kwa Kinorwe. Wamarekani hawaelewi. Wewe pia hutakiwi kuelewa. Kama manukuu yako ni ya wale wakarimu wanaotafsiri kila neno, yazime kwa dakika kumi za kwanza. Anachosema mtu yule ni siri ya filamu nzima: kwamba yule siyo mbwa, ni kitu kinachomwiga mbwa. Mtazamaji wa Oslo aliambiwa ukweli kabla hajamaliza kukaa vizuri kitini. Ni mzaha mzuri, na ukiisha kuujua hauwezi kukuchezea tena, kwa hiyo radhi kwa uliyesoma hadi hapa kabla ya kutazama.

Filamu ikiisha, usifungue simu. Andika sentensi tano kuhusu mwili wako ulifanya nini na wapi: ulifumba macho wapi, ulicheka wapi (utacheka, hasa kile kichwa kitakapoota miguu), ulichoka wapi. Usiandike bado kama ni nzuri au mbaya. Sentensi hizo tano ndizo ushahidi wako pekee ambao hakuna mtu mwingine duniani anao, na kesho asubuhi zitakuwa zimechanganyika na maoni ya watu.

Hatua ya 3: Wapime wahakiki wa 1982

Sasa ndipo unawasoma. Lakini jua kwanza walikuwa wamekaa wapi walipoandika.

Juni ile ilikuwa ya E.T. Filamu ya Steven Spielberg ilitoka tarehe 11, wiki mbili kabla, na Marekani nzima ilikuwa inamlilia mgeni kutoka angani mwenye macho makubwa anayefanya urafiki na mtoto. Uchumi ulikuwa mbaya, watu walitaka kupozwa. Ndipo anakuja Carpenter na mgeni wake asiye hata na sura, anayeingia ndani ya mtu na kumvaa. Wiki yake ya kwanza The Thing ilishika nafasi ya nane. Iligharimu takriban dola milioni 15 na ikaingiza Marekani milioni 19.6. Ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya pesa ya tiketi hubaki kwa wenye majumba ya sinema, hiyo ni hasara. Carpenter mwenyewe alipoteza kazi ya kuongoza filamu ya Firestarter aliyokuwa amekwisha kuahidiwa.

Chora safu tatu kwenye daftari: *alichokiona*, *kipimo chake*, *hukumu yake*. Kila tahakiki unayoisoma, igawe humo. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana, maana wahakiki wazuri huzifuma safu hizi tatu kwa sentensi moja laini, na wewe unameza hukumu ukidhani umepewa taarifa.

Mchukue Canby. Alichokiona: damu na nyama nyingi, gharama kubwa ya maigizo hayo, watu wasiokuwa na undani. Kipimo chake: filamu ichague kuwa ya kutisha au ya sayansi, na hapa hakupata raha ya upande wowote. Hukumu: upuuzi unaokatisha tamaa. Kwenye safu ya kwanza hajasema uongo hata mmoja.

Roger Ebert aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne, akaisifu kwa namna ya kuchekesha kama filamu bora kwa mwenye mfuko wa kutapikia mkononi. Malalamiko yake mazito yalikuwa mawili. Kwanza, wahusika ni wembamba. Pili, hawa ni wanasayansi wanaojua kwamba kitu kile humvizia mtu akiwa peke yake, na bado wanaondoka peke yao.

La kwanza ni kweli tupu. Hatujui kama MacReady (ndiye Kurt Russell) ana mke, hatujui mwenzake Childs katoka mji gani. Kwenye safu ya kwanza mpe alama zote. Tatizo liko safu ya pili: kipimo kwamba hofu huja kwa kumpenda mhusika kisha kuogopa atakufa. Hofu ya filamu hii haiko hapo. Ingetuonyesha Palmer akisoma barua ya mwanawe, tungejua siku alipoacha kuwa Palmer. Wembamba wa wahusika ndio unaomficha adui. Sisi tuliokulia na filamu za "steringi hafi" tunalihisi hili haraka kuliko wengine, kwa sababu hapa swali siyo kama steringi atakufa. Kuna kipande kirefu ambacho hujui kama steringi bado ni mtu.

La pili, la watu kuondoka peke yao, hapo namuunga mkono Ebert hadi leo. Umeme unakatika, Fuchs anaona kivuli, anatoka nje usiku kukifuata bila kumwambia mtu. Nimesoma utetezi wa kila aina na haujanitosha. Nakuambia hivi ili ujue kwamba kuitetea filamu siyo kuifutia madoa.

Halafu andika mstari mmoja chini ya safu zako: *aliitazama mara ngapi?* Mhakiki wa gazeti wa mwaka ule alitazama mara moja, akaenda kuandika. Kilichoifufua filamu hii ni kanda ya video na televisheni, yaani kitufe cha kurudisha nyuma. Watu waliirudisha, wakasimamisha, wakabishana nani aliambukizwa lini. Filamu iliyojengwa itazamwe mara mbili ilihukumiwa na watu wa mara moja, na ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Mara ya pili, tazama na jedwali

Hii ndiyo hatua kubwa. Itakuchukua saa tatu kwa filamu ya chini ya saa mbili, kwa sababu utasimamisha mara nyingi.

Andika majina kumi na mawili kushuka chini: MacReady, rubani. Childs na Palmer, mafundi, Palmer akiwa pia rubani wa akiba. Garry, kamanda. Copper, daktari. Blair na Fuchs, wanabiolojia. Norris, wa jiofizikia. Bennings, wa hali ya hewa. Clark, mtunza mbwa. Windows, wa redio. Nauls, mpishi. Hakuna mhusika wa kike. Sauti ya kike utakayoikumbuka ni ya kompyuta ya sataranji inayomshinda MacReady mwanzoni, naye anaimwagia pombe matumboni. Iandike hiyo pembeni. Mtu asiyekubali kushindwa anaharibu ubao mzima, na utalikumbuka tukio hilo kituo kitakapokuwa kinaungua.

Safu ni tatu: *alionekana mara ya mwisho na nani*, *alikuwa peke yake lini*, *nani anamtuhumu*. Kila mtu anapotoka kwenye fremu bila mwenzake, weka alama. Utashangaa mambo mawili.

La kwanza ni usafi wa hesabu. Chukua ile damu iliyohifadhiwa kwa ajili ya kipimo, inayokutwa imemwagwa. Ufunguo uko kwa Garry, na Copper ndiye anayeutumia, basi wote wawili wanatuhumiwa, na Garry anaishia kuvua bastola na kuacha ukamanda. Rudi nyuma. Kabla ya hapo Windows alipewa funguo. Anapomkuta Bennings amezingirwa na kile kitu, anashtuka, na unasikia funguo zikianguka sakafuni. Mlio wa sekunde moja. Hakuna anayeutaja tena. Mtazamaji wa mara ya kwanza anatazama minyoo iliyomfunga Bennings, hasikii.

La pili ni matundu ambayo hayazibiki, na yameachwa makusudi. Mapema kabisa mbwa anapita korido polepole, anasimama mlangoni, anachungulia ndani kama mpangaji anayechagua chumba, kisha anaingia. Ukutani kuna kivuli cha mtu. Kivuli kinageuka. Picha inakatika. Ni nani? Jedwali litakubakishia watu wawili, Palmer au Norris, na halitakupeleka mbele zaidi. Usijaribu kukisoma kivuli chenyewe, maana Carpenter alimweka pale mtu asiyekuwa miongoni mwa waigizaji wa kundi ili umbo lisimtaje yeyote.

Utafika mahali jedwali litakushinda, hasa Nauls anapoleta nguo zilizoraruka zenye jina la MacReady. Acha alama ya kuuliza na uendelee. Wingi wa alama za kuuliza kwenye daftari lako ni hoja ya tahakiki yako. Umefanya kazi aliyoifanya kila mtu mle ndani na umeshindwa kama wao.

Blair peke yake ndiye aliyepiga hesabu mapema. Kompyuta yake inamwambia kwamba kitu hiki kikifika kwenye miji ya watu, dunia nzima itakuwa imeambukizwa saa 27,000 tangu mguso wa kwanza. Gawanya: ni miaka mitatu na mwezi. Baada ya hapo anavunja redio na helikopta kwa shoka na wenzake wanamfungia bandani kama mwendawazimu. Weka alama ulipomwamini kwa mara ya mwisho.

Hatua ya 5: Pasua tukio moja tu

Mhakiki anayejifunza hutaka kusema neno kuhusu kila tukio. Chagua moja. Ninapendekeza kipimo cha damu, na ukichagua jingine hakuna neno.

Hoja ya MacReady ni hii: kila kipande cha kiumbe kile ni mnyama kamili anayejitetea, kwa hiyo damu yake nayo itakimbia moto. Anawafunga wenzake kwenye viti, Windows anawakata vidole, damu inaingia kwenye visahani, naye anapasha waya wa shaba kwa moto na kuuchovya kisahani kimoja kimoja.

Tazama tukio hilo mara nne, kila mara na kazi moja.

Mara ya kwanza funga macho, usikilize. Waya unapogusa damu ya mtu kuna mlio wa kuungua, ule wa tone la maji kwenye kikaango. Unazoea. Windows, ziii. MacReady mwenyewe, ziii. Sikio lako limefundishwa mdundo.

Mara ya pili zima sauti, tazama nyuso zisizozungumza.

Mara ya tatu hesabu ni wakati gani tunaonyeshwa kisahani na wakati gani tunaonyeshwa anayesubiri majibu. Kilichofichwa hapa ni kidogo mno: MacReady yuko katikati ya ubishi na Garry, akili ya mtazamaji imeshaamua kwamba Garry ndiye, na kisahani cha Palmer kinachovywa kama jambo la kupitia tu.

Mara ya nne tazama kilichotokea kabla: Clark amemvamia MacReady kwa kisu cha daktari na kupigwa risasi ya kichwa. Damu ya Clark inapimwa, ni mtu. Childs anasema wazi kwamba hilo linamfanya MacReady muuaji. Filamu haisimami kuomboleza, wala haimsafishi. Kwenye hukumu nyingi za 1982 utasoma kwamba filamu hii haina wanadamu ndani. Mimi huishia hapa nikijibu.

Hatua ya 6: Mikono na sauti

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu kuna mtego: mapenzi ya maigizo haya ya mpira yamewafanya watu waandike makala nzima za kusifu ute.

Jua mambo ya msingi. Rob Bottin alikuwa na umri wa miaka 22 hivi alipopewa kazi ya kuwatengeneza viumbe wa filamu hii. Alifanya kazi zaidi ya mwaka bila kupumzika hadi akalazwa hospitali kwa uchovu. Kiumbe wa kwenye banda la mbwa ilibidi asaidiwe na Stan Winston, mtengeneza viumbe mwingine, ambaye hakutaka kujitwalia sifa. Hakuna kompyuta iliyochora viumbe wale. Ni mpira, plastiki, na vitu vya jikoni kama mayonezi na jamu. Kifua cha Norris kinapofunguka na kung'ata mikono ya Copper, unayemwona kwa sekunde zile ni mtu ambaye kweli hakuwa na mikono, amevikwa ya bandia. Na bado Oscar ya madoido ya picha mwaka ule ilikwenda kwa E.T., huku The Thing haikuteuliwa hata kuwania.

Swali la mhakiki siyo "wametengenezaje" bali "kwa nini kinaonyeshwa?" Wakati ule ilikuwa busara iliyokubalika kwamba kisichoonekana hutisha zaidi, na filamu ya 1951 ndiyo ilikuwa mfano uliosifiwa: jitu moja, mlango, kivuli. Carpenter aliipenda filamu ile mno, hata akaiweka kwenye televisheni ya wahusika wake ndani ya filamu yake Halloween ya 1978. Lakini alichokichukua kutoka kwa Campbell ni kiumbe kinachoweza kuwa chochote, na huwezi kumficha mtu ambaye umbo lake ni kubadilika. Ukimficha amekuwa jitu lolote lile. Anza hoja yako hapo, kisha amua mwenyewe kama amezidisha. Mimi naona amezidisha mara moja, kwenye mnyama wa mwisho chini ya ardhi, ambaye ni mkubwa, ana kelele, na hanisumbui kabisa.

Muziki usiuruke. Morricone alitunga, lakini baadhi ya vipande vya kielektroniki aliviongeza Carpenter mwenyewe. Mada kuu ni mapigo mazito mawili mawili ya besi, kama moyo wa mtu aliyelala. Kamati ya Razzie ilisikia uvivu. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, vipande ambavyo Carpenter hakuvitumia vilipenya kwenye The Hateful Eight ya Quentin Tarantino, filamu nyingine ya Kurt Russell aliyekwama na watu asiowaamini kwenye theluji, na Morricone akachukua Oscar kwa muziki wa filamu hiyo.

Hatua ya 7: Ukifika kwenye maana, punguza mwendo

Methali ya *kikulacho* itakujia kabla hujamaliza kutazama. Iandike pembeni na usifungue nayo tahakiki. Kila mtu atafungua nayo.

Tafsiri inayorudiwa sana ni ya UKIMWI: adui asiyeonekana, ndani ya damu, mtu anaonekana mzima, na kipimo ndicho hukumu. Ni tafsiri yenye nguvu, na inakudai tarehe. Ripoti ya kwanza ya ugonjwa huo Marekani ni ya Juni 1981, jina lenyewe limeanza kutumika Septemba 1982, na filamu ilipigwa picha 1981. Tena wazo la kupima damu limo kwenye hadithi ya Campbell ya 1938. Kwa hiyo huwezi kuandika kwamba Carpenter "alikusudia".

Unachoweza kuandika ni kwamba mtazamaji alikuja nayo. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu walikuwa wameshaupa jina la Slim. Aliyeishi miaka ile anakumbuka jinsi mtu alivyotazamwa akikonda, nani aliacha kunywa kikombe cha nani, na jinsi kusubiri majibu kulivyokuwa. Mtu huyo akitazama wanaume waliofungwa kwenye viti wakisubiri waya, haoni mambo ya sayari nyingine. Kama una kumbukumbu hiyo kwenu, iandike, kwa sharti moja: iwe imeandikwa kama yako, siyo ya Carpenter.

Tafsiri ya Vita Baridi, ya jasusi anayefanana na jirani, nayo ipo. Inakaa vizuri zaidi kwenye filamu ya 1951. Kwa ya 1982 naiona imebandikwa.

Hatua ya 8: Andika

Maneno mia nane yanatosha. Fungua na kitu kinachoonekana. Linganisha:

*The Thing ni filamu ya kusisimua yenye ujumbe mzito kwa jamii.*

*Mbwa anasimama mlangoni, anachungulia, anaingia. Kivuli ukutani kinageuka. Dakika mia moja baadaye bado sijui kilikuwa cha nani.*

Sentensi ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye filamu yoyote. Ya pili haitoki hapa.

Aya ya pili ieleze hadithi kwa mistari minne, isizidi. Kisha weka hoja yako kwa sentensi moja na uitetee kwa tukio ulilolipasua, siyo kwa orodha ya matukio kumi. Mtaje mhakiki mmoja wa 1982, umpe haki yake kwenye safu ya kwanza, ndipo ubishane na kipimo chake. Kumcheka Canby kwa kuwa muda umempita ni rahisi na hakuna unachojifunza. Mwaka 2060 kuna atakayesoma ulichoandika wewe.

Mwisho wa filamu upe aya moja. MacReady na Childs wamekaa kwenye magofu yanayoungua, chupa inapita kati yao, na hakuna anayejua mwenzake ni nani. Mtandaoni utakutana na ushahidi wa pumzi: ya MacReady inaonekana kwenye baridi, ya Childs karibu haionekani. Kabla hujaunukuu rudi kwa Bennings, ambaye alikuwa ameshageuka na pumzi yake inaonekana vizuri tu pale nje. Chenye uzito zaidi ni kwamba Carpenter alipiga picha mwisho mwingine wa akiba, MacReady akiwa ameokolewa na damu yake kupimwa, na hakuutumia. Alikuwa na jibu mkononi akaliweka kabatini.

Ukimaliza rasimu, usiichapishe usiku huohuo. Jioni ya tatu itazame tena ukimfuata mtu mmoja tu, Palmer. Mwone anavyokataa kata kata kufuatana na Windows na kumchagua Childs. Mwone alipo kila jambo linapoharibika. Kisha ufike pale kichwa cha Norris kilipoota miguu ya buibui na kuanza kutoroka mlangoni polepole, kila mtu akiwa ametazama kwingine. Anayekiona wa kwanza, anayetukana kwa mshangao na kuwafanya wote wageuke, ni Palmer, ambaye dakika chache baadaye damu yake itaruka kutoka kwenye kisahani. Kwa nini alimchongea mwenzake? Andika jibu lako kabla hujatafuta la mtu mwingine.